Kura ya Bi Mwanawema

Neno lililozua mambo yote lilikuwa fupi, na aliyelitamka hakuwa na ubaya na mtu. Dresa Othman, msaidizi wa daktari, alisimama mlangoni mwa hospitali, koti lake jeupe limenyooshwa pasi hata ukingo wake ungeweza kumenyea muhogo, akawatazama wanawake wanne waliokaa kwenye benchi, kisha akamgeukia daktari wa Kizungu aliyekuja kutoka Unguja kwa siku mbili. Daktari alisema maneno mengi. Alionesha mkono wa kulia, akaonesha wa kushoto, mwisho akafungua viganja vyote viwili kama mtu anayekuhakikishia kwamba hana kitu. Othman akakohoa, akafasiri:

"Daktari asema mtakwenda Unguja mkakatwe. Mkishakatwa, mtapigiwa kura."

Benchi zima likaguna.

"Kura ya nini tena huko?" akauliza Bi Mwanawema, mke wa Kificho wa kijiji cha Ole, aliyekaa mwisho wa benchi amejifunika kanga mbili na mkono wa kushoto ameubana kifuani.

"Kuna dawa mpya ya sindano, bibi. Yafanyiwa majaribio. Wengine watadungwa, wengine hawatadungwa. Kura ndiyo itakayosema nani na nani."

"Na mwenye kutaka kudungwa?"

"Hachagui."

"Na daktari?"

"Naye hachagui. Mie nafasiri tu, bibi, sikuitunga." Othman akashusha sauti kidogo, kwa sababu pamoja na koti lile alikuwa mtu mwenye huruma. "Hilo lililomo ziwani mwako n saratani. Lataka kutoka upesi. Meli n Jumamosi. Mwenye kisu yupo Unguja wiki hiyo moja, kisha aenda kwao likizo, harudi mpaka karafuu zimeiva. Asiyefika Jumatatu jina lake lafutwa. Chukua karatasi hino, mumeo atie kidole hapa chini, nawe utie chako."

Bi Mwanawema aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya sidiria, upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa bonge gumu, la ukubwa wa kokwa la kungu, na lilikuwa na miezi minane pale bila ya kuuma hata siku moja. Kutouma kwake ndiko kulikomdanganya.

Wanawake wenzake waliondoka wakinong'ona. Neno saratani walilisikia na wakaliogopa. Lakini neno walilokwenda nalo njiani lilikuwa lile jingine.

*

Mwezi huo ulikuwa wa Mei, mwaka wa sitini na moja, na mtu ambaye hakuwepo Pemba mwezi huo hawezi kujua neno kura lilikuwa na uzito gani. Januari watu walipanga foleni tangu alfajiri, wanaume kwa wanawake, na wanawake ndiyo mara yao ya kwanza. Jimbo moja la kisiwa hichohicho likaamuliwa kwa kura moja tu. Moja! Halafu hisabu za nchi nzima zikaja sare, ikatangazwa kwamba kura itarudiwa tarehe mosi Juni. Basi tangu hapo kila mtu mzima akawa lulu. Vikongwe waliokuwa hawapelekewi hata uji wakaanza kutembelewa na wajumbe wa vyama, asubuhi hawa, alasiri wale, na kila mmoja na kifungu chake cha sukari. Na hao hao wajumbe, wakikutana njiani, walikuwa hawaitikiani salamu. Watu hawakuzikana. Hawakuozana. Huko kijijini Kiuyu bwana mmoja alimwacha mkewe kwa sababu ya rangi ya kanga aliyoianika uani, na bibi huyo alipoondoka aliianika nyingine ya rangi ileile.

Sasa katika hali hiyo, mwambie mtu kwamba wanawake wamekwenda hospitali wakaambiwa habari ya kura.

Mwatima, dada yake Kificho, ndiye aliyemsindikiza wifi yake siku hiyo na kumngoja nje. Alikuwa mwema, mwenye mikono isiyochoka, ila kifua chake hakikuwa na kitasa. Alipofika kisimani alisema alivyosikia: kwamba wifi kapelekwa kwa Mzungu, na huko kuna kura. Aliyepokea hapo akaongeza kidogo, kama unavyoongeza chumvi kwenye chungu cha mwenzio. Kufika alasiri, Ole nzima ilikuwa inajua kwamba Mzungu anawapigisha wanawake kura hospitali kabla ya siku yake, na anayekosea upande anadungwa sindano.

Barazani kwa Kificho watu walikuwa wamejaa, kama kawaida. Kificho, pamoja na jina lake, hakuwa mtu wa kuficha. Alikuwa mchumaji karafuu hodari, mrefu, mwenye sauti, na baraza yake ndiyo iliyokuwa tawi la chama kwa kijiji kizima. Jecha, katibu wa tawi, alifika akiwa na pumzi juu.

"Kificho, nyumba yako yavuja."

"Yavuja? Makuti haya nimeezeka juzi tu."

"Si paa. Mkeo."

Kahawa ikasimama mikononi mwa watu.

"Mkeo kapiga kura," Jecha akasema. "Leo hino. Hospitali. Nasi tumekaa hapa twangoja tarehe mosi kama wajinga."

"Kapigia upande gani?" akadakia mzee Pandu, ambaye alikuwa hana chama, ana masikio tu.

"Upande gani! Kwani nduguye yuko upande gani?"

Watu wakacheka, na Kificho hakucheka. Mkewe alikuwa mtoto wa marehemu Safari, aliyekuja zamani kutoka bara kulima na akazikwa papo hapo Pemba. Jaribu, ndugu yake Mwanawema, alikuwa na duka dogo Mtambile, na alikuwa wa chama cha pili mpaka kwenye kucha. Tangu Januari mashemegi hawa wawili walikuwa hawajatiana machoni. Kificho akaweka kikombe chini, akaingia ndani.

Alimkuta mkewe jikoni anakuna nazi. Alikuwa akikuna kwa mkono mmoja, kifuu amekibana kwa goti.

"Mwanawema, n kura gani uliyopiga?"

"Sikupiga. N'tapigiwa."

"Usinifanyie mafumbo. Watu wanicheka huko nje."

Bi Mwanawema aliondoka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akafunga mlango wa jiko, akateremsha kanga. Alimshika mumewe mkono, akauweka pale.

Kificho akauondoa mkono kama aliyegusa kaa la moto. Kisha akaurudisha mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu karafuu zilizopita."

"Miezi minane! Mbona hukunambia?"

"Kwanza niliona haya. Halafu ulikuwa na Januari yako," akasema Bi Mwanawema. "Kisha ukawa na Juni."

Kificho alikaa juu ya kuni. Alimsikiliza mkewe akimweleza yote, ya kisu na sindano na kura isiyohusu chama cha mtu. Akaitazama ile karatasi, akageuza dole gumba lake huku na huku kana kwamba analiona leo.

"Meli lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hino?"

"Hino."

Bi Mwanawema aliona midomo ya mumewe ikicheza, akajua anahisabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alikuwa naye miaka ishirini, na hakuhitaji kuambiwa anahisabu mpaka wapi. Anahisabu mpaka Alhamisi, tarehe mosi.

"N siku tano tu," Kificho akasema hatimaye, kwa upole sana. "Kitu kimekaa miezi minane, Mwanawema. Siku tano zitakufanya nini?"

Bi Mwanawema akajifunika kanga yake, akarudi kwenye nazi.

*

Siku ya pili yake nyumba ilijaa. Ukitaka kujua watu wa Ole wanavyokupenda, ugua. Walikuja wa upande huu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari wakaja na wa upande wa pili, wakapitia uani ili wasionekane barazani. Huyu na mkungu wa ndizi, huyu na kombe la kuandika aya kwa zafarani, huyu na kisa cha shangazi yake aliyekuwa na jipu kama hilo likapasuka lenyewe. Mwatima alipika uji mara tatu. Alikuwa amelia tangu asubuhi kwa ajili ya ulimi wake, na kila aliyemuuliza analilia nini alimhadithia upya.

Adhuhuri ikalia kengele ya baiskeli. Jaribu. Kapiga pedeli tangu Mtambile, shati limemganda mgongoni. Bi Mwanawema alimuona kupitia dirishani, na machozi aliyoyazuia mbele ya mumewe yakamtoka. Damu si maji, akajisemea. Huyu ndiye atakayenipeleka.

Jaribu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika dada yake mkono, akamlilia kidogo naye. Akamuuliza anakula, analala. Akatoa tende na boksi la biskuti za dukani. Kisha akatazama mlangoni, akasogea.

"Dada, nasikia Kificho akuharakisha kwenda Unguja Jumamosi."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Dada, huoni ujanja huo? Akutoa kisiwani kabla ya tarehe mosi. Ajua fika kura yako n yetu. Ngoja siku tano tu, upige, kisha n'takupeleka mie mwenyewe, hata kwa kuuza mzani wa dukani."

Bi Mwanawema alimtazama ndugu yake usoni. Uso ule alikuwa ameuogesha yeye, Jaribu alipokuwa mdogo, wakati mama yao yuko shamba.

"Jaribu."

"Naam, dada."

"Zile tende nani kakupa uniletee? Weye au tawi?"

Jaribu akainamisha kichwa. Tende zilikuwa za tawi.

Alipotoka uani akakutana uso kwa uso na Kificho. Kila mmoja akageukia ukuta wake. Lakini wale waliokuwepo uani walihadithia baadaye kwamba kilikuwa kichekesho: wanaume wawili wasiosemezana, na wote wawili wamesema neno lilelile moja, siku tano tu, kila mmoja kwa kumuogopa mwenzake.

Alasiri, Bi Mwanawema akaingia chooni peke yake, akalipapasa lile bonge. Wiki mbili nyuma lilikuwa linatembea chini ya vidole. Sasa halitembei. Limeshika.

Akatoka, akatawadha, akaswali. Alipomaliza hakuvua buibui. Akapita ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akatoka barazani kwa wanaume.

Watu walisimama. Mwanamke hatoki hivyo. Jecha alikuwepo, mzee Pandu alikuwepo, Kificho alikuwa na kete za bao mkononi. Kando ya barabara Jaribu alikuwa anatia pumzi tairi la baiskeli yake.

"Jaribu, njoo hapa!" Bi Mwanawema akaita. "Hutaliwa na mtu."

Jaribu akaja, akasimama mbali kidogo.

"Nawaomba radhi, wazee wangu," akasema Bi Mwanawema, "sikuzoea kusema na watu wengi. Nataka kupigiwa hisabu tu. Nyie n mafundi wa hisabu tangu Januari. Mume wangu akinipeleka Unguja Jumamosi, upande wake wapungua mtu. Sivyo?"

"Wapungua wawili!" akasema Jecha. "Yeye na weye."

"Kura yangu usiiguse bado. Ndugu yangu akinipeleka, upande wake wapungua mtu. Sivyo?"

Jecha akaitikia kwa kichwa, upesi.

"Na wakinipeleka wote wawili?"

Halafu mzee Pandu akapiga paja lake kwa kiganja.

"Sare!" akasema. "Wallahi sare! Mmoja huku, mmoja huku. Hapungukiwi mtu!"

"Si sare," Jecha akang'ang'ania. "Bado kura yake yeye. Hino itapotea. Bi Mwanawema, hebu tuambie mbele ya watu, kura yako n ya nani?"

"Jecha mwanangu," akasema Bi Mwanawema, "serikali yenyewe imenambia niikunje kabla ya kuitia sandukuni. N'kishaikunjia serikali, nikukunjulie weye?"

Baraza ikaangua kicheko, hata wale wa upande wa Jecha. Kificho peke yake alikuwa anaitazama mikono yake. Kisha akazitia kete shimoni, moja moja, akasimama.

"Leta karatasi," akamwambia mkewe. "Na wino. Mwatima! Tafuta wino!"

Wino haukupatikana. Akatia kidole kwa masizi ya chungu.

*

Jumamosi, bandarini Mkoani, yaliyotokea watu waliyacheka mwaka mzima. Wagonjwa wengine walisindikizwa na mama zao. Bi Mwanawema alisindikizwa na mume, ndugu, na mashahidi wawili, mmoja wa kila chama, waliokuja kuhakikisha kwamba Kificho na Jaribu wote wawili wamepanda meli na hakuna aliyechopoka. Mashahidi hawakusemezana. Walisimama bega kwa bega mpaka meli ikatoka, na inasemekana mmoja aliishiwa kibiriti akaazima kwa mwenzake kwa ishara.

Unguja walifikia kwa rafiki yake Jaribu, huko mtaa wa Ng'ambo, kwa sababu Kificho hakuwa na mtu mjini. Bi Mwanawema akalazwa. Jumanne akakatwa. Alipozinduka alikuwa amefungwa bendeji pana kutoka bega mpaka kiuno, na upande mmoja wa kifua chake ulikuwa mwepesi hata akadhani ataanguka kwa upande wa pili.

Alhamisi, siku ya kura, mji ukachafuka kwa mapigano ya vyama. Wadi haikuona kilichotokea, iliona waliofika. Walikuja juu ya magari, juu ya milango iliyong'olewa, mgongoni kwa watu. Bi Mwanawema aliombwa ashuke kitandani, akashuka, akalala juu ya mkeka ukumbini, na kitandani kwake akalazwa kijana aliyepasuliwa kichwa ambaye hakuna aliyejua ni wa upande gani, na mwenyewe hakuweza kusema. Siku tatu wanaume wake hawakuonekana. Alikuwa hawezi kulala kwa kuwafikiria. Ndugu yake ana wenziwe wa chama huko Ng'ambo. Mumewe ana nani?

Siku ya nne wakaja pamoja. Kificho alikuwa amevaa shati la Jaribu, linamfika juu ya kitovu.

"Walikuja mlangoni," Jaribu akamhadithia dada yake, sauti iko chini. "Usiku wa kwanza. Wakauliza, humo ndani muna nani? N'kawambia muna shemegi yangu, mwenye mgonjwa. Wakauliza wa chama gani? N'kawambia chama cha hospitali."

Kificho alichutama pembeni, anatengeneza ukingo wa mkeka ambao haukuwa na kasoro.

*

Baada ya wiki nyingine, mji ulipotulia, yule daktari wa Kizungu akaja na kisanduku cha bati. Aliongozana na nesi mmoja wa Kiunguja, Nesi Siti, mwanamke mnene mwenye miwani, na nesi huyo hakufasiri kama Othman. Alivuta kigoda, akakaa.

"Bi Mwanawema, jipu lako limetoka. Lakini saratani wakati mwingine huacha mbegu, tusizione. Dawa hii mpya huenda ikaziua. Huenda isiziue, ikakuumiza bure. Yatapisha, yatoa nywele. Ndani ya kisanduku hiki mna bahasha. Zimefungwa. Nusu zimeandikwa sindano, nusu zimeandikwa bila sindano. Ukikubali, daktari afungua moja."

"Kwa nini asichague yeye? Kasoma."

"Kwa sababu hajui."

Bi Mwanawema akamtazama daktari, aliyekuwa amesimama na kisanduku chake kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Hajui lipi?"

"Hajui kama dawa yasaidia. Hajui kabisa. Angelijua, asingelipiga kura, angelikupa."

"Na wengine hapa duniani, hakuna ajuaye?"

Nesi Siti akamuuliza daktari kwa Kizungu. Daktari akatikisa kichwa, akajibu.

"Asema hakuna. Asema wewe na wenzako ndio mtakaomjuvya. Waliodungwa na wasiodungwa atawatazama wote miaka mitano, kila miezi mitatu. Na ukisema hutaki, hakuna ubaya. Kidonda chako kitatunzwa vilevile."

Wanne walikuwa kwenye lile benchi la Pemba. Mmoja hakupanda meli. Mmoja alikuwa amesema hataki, na amekwisha kurudi kwao. Mmoja alikuwa wadi ya pili, alifunguliwa bahasha ya sindano, na tangu jana alikuwa anatapika kwenye karai na kumlaani Othman kwa jina la babake. Bi Mwanawema alimfikiria huyo. Kisha akamfikiria binti yake, Khairiya, aliyevunja ungo mwaka huo na ambaye kila mtu husema amechukua umbo la mama yake, kama shilingi kwa ya pili.

"Fungua," akasema.

Daktari akafungua. Nesi Siti akasoma, akamwekea mkono begani kabla ya kusema, na kwa hilo Bi Mwanawema hakujua kama ni pole au ni pongezi.

"Bila sindano."

Alasiri wanaume walipoambiwa, wadi nzima iliwasikia.

"Wamemdhulumu!" akasema Jaribu. "Kaja mpaka huku, kakatwa, kisha wamnyima dawa?"

"Nani aliyekuwepo kisanduku kilipofunguliwa?" akauliza Kificho. "Alikuwepo wakala wetu? Hakuwepo! Shemegi, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi irudiwe! Januari imerudiwa, na hino irudiwe!"

Bi Mwanawema akaanza kucheka, akashika bendeji yake. "Msinichekeshe, jamani, nyuzi zavuta." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea na kicheko hakipo.

"Sikilizeni," akasema alipojifuta. "Mtu mzima yule, katoka kwao Ulaya, kasoma mpaka kavaa miwani, kasimama mbele yangu mie niliyeishia juzuu amma, akanambia: sijui. Nyie nyote wawili mwajua kila kitu tangu Januari. Mie nimechoka na wanaojua. N'tabaki na yeye."

*

Kabla hajaruhusiwa kuondoka, Nesi Siti alimwita Kificho nyuma ya pazia. Kificho aliingia akiwa ameinamisha macho, kofia mkononi. Tangu mkewe akatwe hakuwa ameuliza chini ya bendeji mna nini, na Bi Mwanawema hakuwa amemwambia. Walikuwa wakizungumza habari za mbuzi na za mvua.

"Bwana, lete mkono," akasema Nesi Siti. "Mkeo hadungwi, lakini atazamwa. Kila miezi mitatu hapa. Katikati yake, kila mwezi ukiandama, huko huko nyumbani. Mwenyewe hawezi vyema, mkono wake wa kushoto haupandi. Wewe kazi yako nini?"

"Mchumaji karafuu."

"Basi vidole unavyo. Pita hapa, chini ya kwapa, kisha juu ya mfupa huu, kisha uufuate mshono polepole mpaka mwisho. Watafuta kitu kidogo, kama punje ya mchele. Ukikuta, usimpikie dawa, usimwite mganga. Mtie kwenye meli."

Bendeji ilikuwa imeondolewa. Kificho alinyanyua macho. Bi Mwanawema alikuwa ametazama ukuta, shingo imekaza, akingoja aone mkono utakuja au hautakuja.

Mkono ukaja. Ulikuwa baridi.

Juni ikaisha, na kura za nchi zikahisabiwa, na Ole watu wakashangilia wengine wakanuna. Kificho alirudi barazani, ila Jecha alilalamika kwamba sauti yake imepungua. Mwezi ulipoandama, asubuhi yake alimtoa kila mtu ndani, akamwambia Mwatima asikae nyuma ya mlango, Mwatima akaapa kwamba hakai, akaenda kukaa nyuma ya dirisha. Kificho alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Akaipasha moto juu ya jiko. Bi Mwanawema akakaa juu ya kigoda kwenye mwangaza, akateremsha kanga.

Alianza kwapani. Akapanda mfupa. Akaufuata mshono, kidole baada ya kidole, pumzi ameizuia, kama anapokuwa juu kabisa ya mkarafuu kwenye tawi asilolijua. Nje kuku alilia, na Mwatima akamfukuza kwa kunong'ona.

"Hamna," akasema Kificho.

"Una hakika?"

Kificho akavitazama vidole vyake.

"Sina," akasema.

"Basi tafuta tena," akasema Bi Mwanawema.

Akaipasha mikono moto, akaanza upya, kwapani.